Swali la Hamsini na Tatu

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikula mshahara wa serikali kwa kusema "mimi" na huku si mimi. Nilikuwa mkalimani wa mahakama, hapo katikati ya jiji la Nairobi, na kazi hiyo ina sharti moja linalowashangaza wageni. Husemi, "Huyu mama anasema alimpiga jirani yake." Unasema, "Mimi nilimpiga jirani yangu." Mshtakiwa akinena kwa lugha ya kwao, wewe unakuwa mdomo wake. Nimekiri wizi wa kuku, wa baiskeli, wa nyaya za umeme. Nimekiri kupika chang'aa mara nyingi sana, mimi ambaye hata soda hunitia kiungulia. Jioni nikifika nyumbani Kabiria mke wangu alikuwa akiniuliza, "Leo umekuwa mwizi wa nini?" huku anamimina chai.

Sharti la pili ni kwamba huruki neno. Hili nilifundishwa kwa aibu. Katika mwaka wangu wa tatu kazini, njaa ya saa saba ikiniuma, nilimfupisha mama mmoja aliyekuwa akijitetea. Yeye alisema kwa dakika kama tano, mimi nikasema kwa nusu dakika. Akanitazama, akamgeukia hakimu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mimi nimesema mingi. Huyu amesema kidogo." Hakimu akaweka kalamu chini. Akaamuru mama aanze upya nami niseme kila kitu, na kati ya yale niliyoruka kulikuwa na habari ya mtoto mgonjwa aliyeachwa nyumbani peke yake. Hakimu hakunipigia kelele, alinitazama tu, na afadhali angenipigia. Tangu siku hiyo sikuruka neno la mtu hata nikitukanwa mimi mwenyewe. Niliwahi kumwambia mheshimiwa, kwa sauti kavu kabisa, "Na huyu mkalimani wenu ni mbwa."

Nayasema haya mapema ili ujue nilipoanguka nilianguka kutoka wapi.

Mungu alitupa mtoto mmoja tu, wa kike. Mimi namwita "mama", kwa sababu amebeba jina la mama yangu mzazi, na kwetu magharibi mtoto mwenye jina la mzee huitwa kwa heshima hiyo hata akiwa bado na nepi. Alikwenda Marekani kusomea uuguzi. Alituambia ni miaka minne. Nilimsindikiza uwanja wa ndege nikiwa nimevaa tai ya kazini, mama yake amebeba mfuko wa njugu za kukaanga ambao mwishowe alisahau kumpa, tukarudi nao nyumbani. Tulizila zile njugu wiki nzima, na hakuna aliyesema ni tamu.

Miaka minne ikawa sita, sita ikawa kumi na moja. Si kwamba alitusahau. Alipomaliza masomo, kulikuwa na miezi fulani ambayo karatasi zake zililala, za zamani zimekwisha na mpya hazijatoka. Wakili wake huko akamwonya: ukitoka nchini, kurudi sina hakika. Baadaye akapata kazi ya kudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, akapata na kadi ya kukaa, lakini wakili alikuwa na wimbo uleule. Kaa utulie mpaka uwe raia, kwa sababu raia hafungiwi mlango wa kwake. Mama yake aliomba viza ya kutembea mara mbili, akanyimwa mara mbili, kwa adabu. Kwa hivyo hesabu yetu ilikuwa hivi: ili mtoto aje nyumbani, lazima kwanza awe wa kwao. Niliigeuza hesabu hiyo kichwani kila upande na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

Mke wangu hakuwa na haja na Marekani. Nataka hilo lieleweke, kwa maana watu wa huku mtaani wakisikia una mtoto nje wanadhani unaota magorofa. Yeye alipika katika nyumba moja ya Kileleshwa kwa miaka ishirini na kitu, na mtoto wetu alikuwa akitoka shule anapitia huko, anakaa juu ya debe lililopinduliwa kando ya jiko, anafanya hesabu za shule na kumpigia mama yake domo. Alipostaafu, mke wangu aliomba lile debe. Lipo jikoni kwetu hadi leo. Alichotaka ni kitu kimoja: mtoto akae hapo juu ya debe, amwambie mboga inaungua. Miaka kumi na moja hakuna aliyemwambia mboga inaungua, na mimi nikijaribu ananiambia nitoke jikoni.

Basi mwaka juzi mtoto akapiga simu akasema ameitwa kwa mtihani. Ukitaka uraia wao unaulizwa juu ya serikali yao. Wana orodha ya maswali mia moja, na siku ya usaili ofisa anachagua kumi, ukipata sita umepita. "Baba," akasema, "mimi nashika kitu nikisomewa. Nisomee kama zamani." Zamani nilikuwa nikimsomea maswali ya mtihani wa darasa la nane nikiwa nimesimama, kama niko kortini. Nilifurahi nikajifanya sijafurahi. Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu, mtu mstaafu mimi, ambaye ratiba yake ni kulisha kuku na kugombana na redio.

Nikaenda Uthiru, kwa saiba moja, duka la intaneti lenye mashine nzuri, nikachapishiwa orodha yote. Binti wa saiba akaitazama akaniuliza, "Mzee, unahama?" Nikamwambia nachunguza. Tangu siku hiyo, kila saa saba na nusu mchana, ambapo kwao ndipo kunapambazuka na yeye anakunywa chai kabla ya kwenda kazini, nilisimama sebuleni na karatasi zangu. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari. Mke wangu alikaa kwenye kigoda mlangoni akichambua mboga za mrenda au managu, kulingana na siku.

"Sheria kuu ya nchi ni ipi?"

"Katiba."

"Katiba inafanya nini?"

"Inaunda serikali. Inalinda haki za watu."

Maswali yalikuwa ya Kiingereza na majibu ya Kiingereza, na mke wangu Kiingereza chake ni cha jiko la Kileleshwa: anajua majina ya vyakula, vyombo na hasira. Kwa hivyo kila nikimaliza swali nilimtafsiria, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Baada ya wiki mbili alikuwa anajibu kabla ya mtoto. Waseneta wangapi? "Mia," anasema kutoka mlangoni, hajainua macho. Majaji wa mahakama ya juu kabisa? "Tisa." Mjumbe wa ile nyumba ya chini ya bunge lao anachaguliwa kwa miaka mingapi? "Miwili. Miwili tu, hata hajajua choo kiko wapi anaanza kuomba kura tena." Mtoto alikuwa akicheka hadi chai inampalia, na mimi nikawanyamazisha wote wawili kwa sababu korti iko kikaoni.

Kuna swali moja lililomshinda mtoto kabisa. Ni kitu gani kinachozuia mkono mmoja wa serikali usipate nguvu kupita kiasi? Jibu lao ni refu, la mambo ya kugawa madaraka na kudhibitiana, na kila mara ulimi ulimkwama. Nilimweleza kwa lugha ya kortini: bunge linatunga, rais anatekeleza, mahakama inasema sheria maana yake nini, na kila mmoja ana uwezo wa kumzuia mwenzake. Nikaeleza tena, kwa ukali kidogo. Nina hasira za karibu, sikatai.

"Ni kama chumba cha sufuria," mke wangu akasema.

Kanisa letu hapa Kabiria lina chumba cha sufuria kubwa, sahani na vikombe vya akina mama, vinavyotolewa kwa harusi na matanga. Mlango wake una kufuli tatu. Mwenyekiti ana ufunguo wake, katibu wake, mweka hazina wake. Zamani kilikuwa na kufuli moja, na mwenyekiti wa wakati huo aliazimisha sufuria kwa shemeji zake hadi siku moja tukapata msiba na hakuna chombo cha kupikia ugali. Tangu hapo, wote watatu wasipokubaliana, hakuna sufuria inayotoka.

"Na mmoja akienda kwao ushago?" mtoto akauliza.

"Basi mnakula kwa sahani za kuazima na mnalalamika," mama yake akajibu. "Lakini sufuria ziko."

Mtoto hakulisahau tena lile jibu. Mimi nilitafuta kosa katika mfano huo siku mbili nzima, maana nilikuwa nimeudhika, nikakosa. Wamarekani wana kufuli tatu. Hata majimbo yao, kila moja lina sheria zake za shule na leseni, tukayaelewa kwa njia hiyohiyo: kila kanisa lina sufuria zake, ila wimbo wa ibada ni mmoja. Tulipofika penye utawala wa sheria, kwamba hakuna aliye juu yake, kuanzia rais hadi mfagiaji, nililisoma swali mara mbili. Nimewatafsiria watu wengi waliofungwa kwa ajili ya kuku, na wapo wakubwa niliowaona wakitoka kwa mlango wa nyuma wakipungiana mikono. Mke wangu alipenda lile la baraza la raia kumi na wawili wanaokaa kortini kuamua kesi, watu wa kawaida tu, mpishi akiwemo. "Hata mimi ningekuwa nahukumu?" Nikamwambia ndiyo. "Ningewaachilia wengi," akasema.

Nikikumbuka sasa, zile nyakati za mchana ndizo zilizokuwa raha yetu. Nusu saa kila siku, watatu pamoja, na serikali ya watu wengine katikati. Simu ikikatika, nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Mke wangu aliendelea kukaa pale mlangoni na sinia lake, na mimi nilizikunja karatasi polepole kuliko inavyohitajika. Nilikuwa namtaka mtoto wangu. Ni maneno rahisi, na sikumwambia mtu.

Swali la hamsini na tatu linauliza: taja ahadi moja unayotoa unapokuwa raia. Mbele yake kuna majibu kadhaa, unachagua moja. La kwanza katika orodha ni kuacha utii kwa nchi nyingine. Chini yake kuna kutetea katiba yao, kutii sheria zao, na mengineyo. Mtoto alijibu haraka, "Kutii sheria," na haraka ile niliisikia. Nilijua kwamba na yeye ameliona lile la kwanza.

"Wanaahidi nini?" mke wangu akauliza.

"Kutii sheria," nikasema.

"Na ingine?"

"Ni hiyo tu."

Nikaenda swali la hamsini na nne. Miaka ile yote sikuruka neno la mwizi wala la mlevi, nikaja kuruka neno sebuleni kwangu, mbele ya mke wangu. Usiku sikusumbuka sana, nilijiambia si kortini. Lakini kila tulipolirudia lile swali, masikio yaliniwaka moto.

Mtihani alipita. Aliulizwa sita akapata sita, ofisa akaachia hapo, na la nne lilikuwa lile la sufuria. Alituambia kwamba alikaribia kucheka mbele ya yule ofisa. Mke wangu alikwenda kuwaambia akina mama wa kanisa kwamba kufuli zao zimetajwa Marekani, jambo ambalo si kweli kabisa lakini nikaliacha. Akaanza kukaanga njugu. Nikamwambia bado kuna kiapo. Akasema kiapo ni mdomo tu, yeye anakaanga njugu.

Kiapo kilikuwa asubuhi kwao, kwetu saa kumi na moja jioni. Mtoto aliomba rafiki yake amshikie simu ili tuone. Tulivaa. Mimi nilitoa ile tai ya uwanja wa ndege. Tukaona ukumbi, bendera, watu wa kila rangi wamesimama, na mtoto wetu katikati yao amevaa gauni la buluu ambalo mama yake alisema limembana mabega. Wakainua mkono wa kuume. Mtu mbele akawa anatamka, nao wanafuata kipande kwa kipande.

Nimewaapisha maelfu ya watu. Nilishika Biblia na Kurani na nikawaambia fuata nyuma yangu. Najua kiapo kinavyosikika mtu akikisema kwa kupayuka, na najua mtu akimaanisha. Mtoto wangu alikuwa anatamka kila neno, sauti yake naitenga kati ya zile mia, na lile lililokuwa la kwanza katika orodha ndilo lililotangulia.

"Anasema nini?" mke wangu akauliza.

Nilisimama, kwa mazoea. Nikafungua mdomo. Mkalimani hasemi "anasema." Mkalimani husema "mimi." Nikaona nitalazimika kusema mimi naikana nchi yangu, kwa kinywa changu, katika nyumba hii, na debe lake liko jikoni. Ulimi ukagoma.

"Mimi naapa kutii sheria," nikasema. "Mungu anisaidie."

Kule ukumbini walikuwa bado wanaendelea. Waliendelea muda mrefu. Halafu makofi, vibendera vidogo, mtoto analia na kucheka, anatupungia, anasema atatupigia akitulia. Simu ikakatika.

Mke wangu alikuwa ameweka mikono magotini. "Mtoto amesema mingi," akasema. "Wewe umesema kidogo."

Ile hadithi ya yule mama wa kortini nilikuwa nimemsimulia mara nyingi, tena kwa majivuno, kuonyesha jinsi nilivyokuwa mkalimani. Sikuwa na pa kujificha.

"Sasa sema vile amesema."

Nikasema. Niliinua mkono wa kuume kwa sababu sijui kukitafsiri kiapo mkono ukiwa chini. Mimi ninaapa kwamba naukana kabisa, na kuuacha wote pia, utii wangu na uaminifu wangu kwa mfalme yeyote wa kigeni, kwa mtawala, kwa taifa au dola yoyote ambayo hadi leo nimekuwa raia wake. Pale penye "hadi leo" sauti ilinitoka vibaya, nikatulia, nikarudia, kwa sababu neno likitoka vibaya unalirudia. Nikaenda hadi mwisho: katiba, silaha, kazi za taifa, kwa hiari yangu, bila kusitasita. Nikaketi.

Nje kuku walikuwa wakiingia bandani. Nikakimbilia sheria, kama kawaida yangu. Nikamwambia katiba yetu wenyewe inasema aliyezaliwa raia wa hapa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Nikamwambia wale hawaendi kumfuata mtu nyumbani kuona kama ameacha kweli. Ni maneno ya zamani, ya wakati wa wafalme.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu lile swali la hamsini na tatu."

"Majambazi unawaambia ukweli miaka yote hiyo. Mimi ndio unanifichia." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akafuta uso na kanga, akauliza, "Siku ya harusi yetu, mchungaji aliniambia nini mbele ya watu?"

Sikukumbuka. Mimi siku hiyo nilikuwa nafikiria viatu vinavyonibana.

"Aliniambia kuanzia leo sina nyumba ya baba. Nisiangalie nyuma. Mimi nikasema amina, watu wakapiga vigelegele. Baba yangu alikuwa amekaa hapo mbele na kofia mkononi. Sasa niambie wewe unayejua sheria. Kuna Disemba sikuenda kwa mama yangu, mpaka tukamzika?"

"Hakuna."

"Basi. Mtoto ameolewa." Akainuka. "Lakini baba yangu ile siku hakula. Nilimwona." Akaenda jikoni, na nilipomfuata baadaye nilimkuta amekaa juu ya debe, yeye mwenyewe, taa hajawasha.

Pasipoti mpya ilitoka baada ya wiki chache. Mtoto akakata tikiti ya Agosti, wiki mbili, kwa sababu likizo aliyopewa kazini ni hiyo na haisogei. Kukatokea jambo ambalo hata mimi, mtu wa makaratasi, sikuliona likija. Pasipoti yake ya Kenya ilikuwa imekwisha muda zamani, na kuifanya upya huko ni kusafiri hadi mji mwingine na kungoja miezi. Agosti isingengoja. Kwa hivyo angeingia na ile mpya, kama Mmarekani yeyote anayekuja kutazama simba. Na mgeni anayefikia kwa watu lazima awapelekee watu wa uhamiaji wa Kenya barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji wake.

Aliniambia kwa kunong'ona, kama anayekiri kosa. "Baba, mwenyeji ni wewe."

Nikaenda Uthiru. Binti wa saiba akanifungulia mfano wa barua kwenye kompyuta, akanisomea yanayotakiwa: jina la mgeni, uhusiano na mgeni, sababu ya ziara, siku atakazokaa. "Ni rahisi, mzee, unajaza tu." Nikamwambia anichapishie ule mfano nikaujaze nyumbani, nikatoka nje nikasimama kando ya Waiyaki Way nikitazama magari, kwa muda ambao sijui ni kiasi gani. Nimeandika barua za kila namna maishani. Sikuwahi kufikiri nitamwomba ruhusa mtu aniletee mwanangu kwa kumwita mgeni.

Nilipofika nikamweleza mke wangu kila kitu, bila kuruka. Alisikiliza, akasukuma sinia kando. "Leta kalamu," akasema. "Andika. Nasema mimi."

"Mwenyeji kwenye fomu ni mimi."

"Wewe si mkalimani? Andika nikisema."

Nikavaa miwani. Nikaandika kama nilivyofunzwa, yeye akisema na mimi nikiwa "mimi" wake. Mimi ni mama yake. Nilimzaa hapa Nairobi na nikamlea kwa kazi ya jiko. Anayekuja si mgeni, anakuja nyumbani. Kitanda chake kipo. Chakula chake nakijua. Nilipofika penye siku atakazokaa nikasimamisha kalamu, nikamkumbusha kwamba ni siku kumi na nne.

"Andika siku zote."

"Hapa wanataka nambari."

"Andika vile nimesema," akasema. "Ama unataka kuruka tena?"

Nikaandika. Atakaa siku zote. Akaweka sahihi yake, herufi moja baada ya nyingine, nami yangu chini yake. Kesho yake asubuhi nikaipeleka Uthiru, binti akaipiga picha na kumtumia mtoto, akaisoma wakati inaenda, akanirudishia kwa mikono miwili.

Saa saba na nusu simu ikalia. Niliiegemeza kwenye kopo la sukari. Mke wangu alikuwa mlangoni, anachambua mrenda, hatutazami.

"Baba," mtoto akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa maji. "Hii barua hawataikubali. Hapo kwa siku. Baba, unajua nina wiki mbili tu. Si ungeandika kumi na nne?"

Nilimtazama mama yake. Vidole vilikuwa vimesimama juu ya sinia.

"Mama," nikamwambia mtoto, "mimi ni mkalimani tu."